Mizani ya Paul Bomani

Ndugu, wengi tuliosoma pamoja leo tuna maduka na mitumbwi ya uvuvi hapa Ilemela, na baadhi yetu tunaongoza watu. Nawakumbusha habari za Paul Bomani, aliyekuwa kijana tu alipokuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza.

Wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba wanunuzi wa pamba wanawapunja kwenye mizani. Kulalamika ni rahisi. Wao waliweka wapimaji wao wenyewe, wakawa na tarakimu za kubishania. Ndipo Bomani alipozunguka vijijini kuunda vyama. Mwaka 1953, akiwa tayari kiongozi anayesikilizwa, alikubali kukaa tena dawatini: alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la VFCU, yeye akiwa meneja mkuu. Kufikia 1960 pamba ya kanda yote ilipitia humo.

Bomani aliingia serikalini, shirikisho likapanuka upesi, usimamizi ukalegea. Mwaka 1966 tume ya serikali ilichunguza vyama vya ushirika nchini, na miongoni mwa malalamiko ya wakulima yalikuwamo ya kupunjwa kwenye mizani, safari hii mizani ya chama chao wenyewe.