Matuta ya Washita

Usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili 1934, mvua kubwa ilinyesha kwenye sehemu za juu za mto Washita, magharibi mwa jimbo la Oklahoma nchini Marekani. Nchi ile ilikuwa imelimwa mpaka ikachoka. Majani ya asili yalikuwa yameng'olewa kupisha pamba na ngano, na udongo haukuwa na kitu cha kuushika. Maji hayakupata nafasi ya kuzama ardhini. Yalishuka kwenye korongo, yakajaa mtoni, yakaupiga mji mdogo wa Hammon. Watu 17 walikufa.

Miaka hiyohiyo upepo ulikuwa ukiibeba ardhi ya eneo hilo ikawa mawingu ya vumbi. Mwaka 1935 serikali ikaunda Idara ya Hifadhi ya Udongo, chini ya Hugh Hammond Bennett. Mafuriko nayo yakazua ubishi uliodumu miaka mingi. Wahandisi wa jeshi walitaka mabwawa makubwa kwenye mito mikuu. Wakulima wa sehemu za juu za mito waliuliza: bwawa lililo chini kabisa litamsaidia nini yule ambaye shamba lake limekwisha sombwa huku juu? Miongoni mwa waliowasemea alikuwa L. L. Males, mtu wa benki katika mji wa Cheyenne, Oklahoma. Hoja yake ilikuwa kwamba maji yazuiwe kule yanakoanzia, kwenye vijito. Desemba 1944 sheria ikapita, na Washita likawa mojawapo ya mabonde 11 yaliyoruhusiwa kujaribu njia hiyo. Mwaka 1948, karibu na mji wa Cordell, tuta la kwanza, la kijito cha Cloud Creek, likakamilika.

Ni tuta la udongo ulioshindiliwa, limepandwa majani, linakatiza kijito. Nyuma yake kuna maji kidogo tu, na nafasi iliyobaki huachwa tupu makusudi ingoje mvua. Ndani ya maji husimama mnara mfupi wa zege wenye chekeche la vyuma mdomoni, la kuzuia magogo na takataka. Mvua ikinyesha, maji hupanda hadi mdomo wa mnara, huingia, hushuka, kisha hupita kwenye bomba lililolazwa chini ya tuta na kutokea upande wa pili. Bomba ni jembamba kusudi. Gharika iliyokuja kwa saa chache hutoka polepole kwa siku kadhaa. Hakuna lango la kufungua wala mtu wa kukesha akilinda. Mvua ikizidi kiasi kilichopangwa, maji hupita kwenye utoro, mfereji mpana wenye majani uliochimbwa kando ya tuta, ili yasivuke juu ya tuta lenyewe.

Maji yakivuka juu, udongo huliwa kuanzia mgongoni na tuta hukatika. Hatari ya pili haipigi kelele. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo si kosa. Mkaguzi hutembea chini ya tuta, kwenye nyasi zenye unyevu, akitazama rangi ya maji yanayochuruzika. Yakiwa maangavu, huandika na kwenda zake. Yakiwa na tope, yanabeba udongo kutoka tumboni mwa tuta, na njia yake inapanuka kila dakika. Mzizi wa mti uliooza unatosha kuanzisha njia hiyo. Shimo la mnyama linatosha, na pia bomba la bati lililotoboka kwa kutu.

Mwaka 1954 Rais Eisenhower alitia saini sheria iliyoruhusu mpango huu nchi nzima. Mwishowe yakajengwa matuta zaidi ya 11,000, na Oklahoma ikayapata zaidi ya 2,000, mengi kuliko jimbo lolote. Mengi yalisanifiwa yadumu miaka 50, kwa sababu wahandisi walikadiria kwamba baada ya muda huo tope lingekuwa limejaza nafasi iliyotengwa kwa ajili yake. Pia mengi yalijengwa kulinda mashamba. Kukatika kwa tuta la namna hiyo kungeharibu mazao na uzio, kwa hiyo lilipimwa kwa kipimo cha hasara hiyo.

Kisha watu wakahamia chini yake. Bonde lililokuwa likifurika kila masika lilikuwa limetulia, ardhi ni tambarare, barabara imefika. Nani angekataa kujenga hapo? Tuta halikubadilika hata kidogo, lakini sasa lilikuwa na nyumba za watu mbele yake. Naona hili ndilo jambo zito kuliko yote katika historia hii: usalama wa tuta unaweza kuharibika kwa kazi inayofanywa kilomita kadhaa mbali nalo, na watu ambao hawajawahi kuliona.

Marekani ilitikiswa na tuta la aina nyingine. Usiku wa kuamkia Novemba 6, 1977, bwawa la Kelly Barnes katika jimbo la Georgia, lenye kimo cha mita 12 hivi, lilikatika baada ya mvua na kukishukia chuo cha Biblia cha Toccoa Falls. Walikufa watu 39. Kazi ya bwawa hilo ya kuzalisha umeme ilikuwa imekwisha zamani, na tuta likabaki limeota miti. Rais Carter, mwenyeji wa Georgia, aliamuru mabwawa yaliyo juu ya makazi yakaguliwe, na karibu theluthi moja ya yaliyokaguliwa yakaonekana si salama. Hapa Kenya tuna Solai, kaunti ya Nakuru: usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la udongo la shambani lilipasuka juu ya vijiji, na watu 48 wakapoteza maisha.

Cloud Creek lilitimiza miaka 50 mwaka 1998. Miaka miwili baadaye Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukarabati matuta haya, serikali kuu ikibeba hadi asilimia 65 ya gharama. Mwaka huohuo wa 2000 kazi ilikuwa imeanza Oklahoma, kwenye tuta namba 2 la kijito cha Sergeant Major, karibu na Cheyenne, mji wa Males. Asilimia 35 iliyobaki hutafutwa na majimbo na wilaya za hifadhi ya udongo, na wilaya hizo ndizo zinazofyeka majani, kung'oa miti na kusafisha chekeche la mnara kila baada ya mvua kubwa.