Mpangaji wa Tundu la Buibui: Mjusi wa Nyika za Australia Kusini na Hoja ya Kulinda Makao

Mwezi Oktoba 1992, barabarani karibu na mji mdogo wa Burra, yapata kilomita 160 kaskazini mwa Adelaide katika jimbo la Australia Kusini, Graham Armstrong na Julian Reid waliokota nyoka wa kahawia wa mashariki (Pseudonaja textilis) aliyekuwa amegongwa na gari. Tumboni mwake mlikuwa na mjusi mnene, mwenye kichwa kikubwa na miguu mifupi, wa aina ambayo sayansi haikuwa imeipata tangu 1959. Alikuwa Tiliqua adelaidensis, mdogo kuliko wote katika jenasi yake, na wengi walikwisha kumhesabu miongoni mwa waliotoweka. Msako uliofanywa katika nyika za jirani uliwapata wengine wakiwa hai. Walikuwa wamekaa ndani ya matundu membamba ya wima ambayo hawakuyachimba wao. Yalikuwa matundu ya buibui.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha bahati. Bahati ilikuwapo, lakini nadhani kinatufundisha jambo zito zaidi. Mjusi huyu alikuwapo muda wote, kwenye malisho yanayokanyagwa na kondoo kila siku. Kilichokosekana ni ujuzi wa namna anavyoishi. Ujuzi huo ulipopatikana, ulibadilisha swali la uhifadhi: kinachohitaji kulindwa kwanza ni tundu, na pamoja na tundu, buibui anayelichimba, udongo usiotiwa plau, na hata kondoo anayepunguza nyasi zinazolizunguka.

Aliyempa jina la kisayansi ni Wilhelm Peters wa makumbusho ya Berlin, mwaka 1863. Watafiti wa reptilia wa Afrika Mashariki wanamfahamu Peters kwa sababu nyingine. Katika muongo wa 1840 alikaa miaka kadhaa Msumbiji, na kazi aliyoiandika juu ya wanyama wa huko inarejewa hadi leo. Mjusi wa Adelaide alimfikia mezani, katika shehena ya vielelezo iliyotumwa na Richard Schomburgk, Mjerumani aliyekuwa amehamia Buchsfelde, karibu na Gawler, kaskazini mwa Adelaide. Peters aliyaeleza magamba na umbo kwa ustadi wa zama zake. Lakini mjusi aliyehifadhiwa ndani ya chupa haonyeshi alikolala, alikula nini, wala alitoka nje saa ngapi. Kwa zaidi ya miaka mia moja iliyofuata, makumbusho zilikusanya vielelezo vipatavyo 20 tu vya aina hii, na ndani ya rundo hilo dogo hamkuwa na habari za kutosha za kumwelekeza mtafiti mahali pa kutazama. Cha mwisho kabla ya 1992 kilitoka Marion, eneo ambalo leo ni kitongoji cha Adelaide kilichojaa nyumba.

Misako iliyotangulia haikuzaa kitu, na sasa tunaweza kueleza kwa nini. Jamaa zake wakubwa, wale mijusi wa ulimi wa buluu ambao baadhi yao huzidi sentimita 40, hujificha chini ya magogo, mawe na vichaka, na mchana huonekana wakikatiza barabara. Mwenye kuwatafuta hugeuza mawe, au hufukia ndoo ardhini ili mnyama anayepita atumbukie. Mbinu zote mbili zinamkosa mnyama asiyelala chini ya jiwe na asiyezurura. Misako ile ilithibitisha kutokuwapo kwa mjusi mahali ambapo hakuwa na desturi ya kuwapo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaolichukulia somo la maisha ya wanyama kama utangulizi tu wa sayansi yenyewe: tamko la kwamba aina fulani imetoweka ni dai la kisayansi kamili, na dai hilo halina msingi iwapo anayelitoa hajui mnyama hutumiaje siku yake.

Mjusi mzima wa aina hii, kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia, hafiki sentimita 11. Rangi yake ni ya kijivu au ya kahawia, mara nyingine yenye wekundu wa udongo, pamoja na madoa meusi mgongoni. Ulimi wake ni wa waridi, hauna ule ubuluu wa jamaa zake. Asubuhi jua linapopasha ardhi, kichwa hujitokeza kwenye mdomo wa tundu, kikatulia. Baadaye hutoka mabega na miguu ya mbele, lakini sehemu ya nyuma hubaki ndani, tayari kurudi. Panzi akipita karibu, mjusi huchomoka, humkamata, hurudi kinyumenyume au hugeuka upesi na kutumbukia kichwa mbele. Mwewe akipita juu, kichwa hupotea na panabaki duara jeusi ardhini, ambalo mtu anaweza kulivuka mara nyingi asilitambue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders walilazimika kuchungulia matundu kwa kamera nyembamba za nyuzi za kioo, kisha kumvua mwenyeji kama samaki: buu hufungwa kwenye uzi wa ndoana, huning'inizwa mlangoni, na mjusi anapomng'ang'ania huvutwa nje taratibu, akapimwa, akawekwa alama, akarudishwa kwenye tundu lilelile.

Tundu kwake ni kila kitu. Ndani yake hukwepa joto la kiangazi na baridi ya usiku, hukwepa nyoka na ndege, na mbele yake huvizia chakula. Akipewa nafasi ya kuchagua, mzima hupendelea tundu lenye kina kirefu na mlango mwembamba unaomtosha yeye tu, kwa kuwa mlango mpana ni mlango wa adui pia. Moto wa nyika ukipita juu, wengi hunusurika chini, ingawa hurudi kwenye uwanda mtupu wenye chakula kichache. Hata uzazi umejengwa juu ya tundu. Majira ya kuchipua, Oktoba na Novemba, madume huyaacha makao yao na kwenda kutafuta majike, na huo ndio wakati wa hatari kubwa kwao. Jike huzaa watoto hai kati ya Januari na Machi, mmoja hadi wanne, na huishi nao tunduni kwa wiki chache. Kisha kila mtoto huondoka kutafuta tundu lake, jembamba kuliko la mama.

Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba watoto wa uzao mmoja mara nyingi wana baba zaidi ya mmoja. Jambo hili linastahili kutajwa kwa sababu Michael Bull, profesa wa Flinders aliyeongoza utafiti wa mjusi huyu kwa zaidi ya miaka ishirini hadi alipofariki mwaka 2016, ndiye pia aliyeonyesha kwamba Tiliqua rugosa, jamaa wa karibu, hurudiana dume na jike walewale mwaka baada ya mwaka. Jenasi moja, jimbo moja, tabia mbili zilizo mbali kabisa. Asingefika mtu huko kwa kukisia kutoka aina moja kwenda nyingine, na hili ni onyo kwa desturi yetu ya kuandika mipango ya uhifadhi wa aina isiyojulikana kwa kunakili tabia za jamaa zake.

Mjusi huyu hachimbi. Hutegemea makundi mawili ya buibui: wale wawindaji wa jamaa ya Lycosidae, na wale wakubwa wa ukoo wa kale, Mygalomorphae, ambao huishi miaka mingi zaidi. Buibui huchimba tundu la wima, huligandisha kuta kwa utando, na hulitunza maadamu yu hai. Akifa au akihama, mpangaji huingia. Lakini tundu lisilo na mchimbaji lina maisha mafupi. Mvua husomba udongo na kulijaza, kwato za kondoo huvunja mdomo wake, majani makavu hulifunika. Kwa hiyo hesabu ya matundu yaliyopo leo haitoshi kutuambia hali ya mjusi. Inabidi tujue kama buibui wapya wanachimba kwa kasi inayofidia yanayopotea. Nyika inaweza kuwa na mijusi wengi leo ilhali buibui wake wamekwisha kupungua, na mtu anayehesabu mijusi peke yao ataiona hatari wakati imeshakomaa.

Ndiyo maana plau imekuwa adui mkubwa kuliko mwingine yeyote. Kabla ya Wazungu, nyanda hizi zilikuwa za Wangadjuri upande wa Burra na Wakaurna upande wa Adelaide. Mgodi wa shaba wa Burra ulifunguliwa mwaka 1845, walowezi wakaongezeka, na ardhi tambarare yenye udongo mzuri ikageuzwa kuwa mashamba ya ngano. Mwaka 1865 George Goyder, mpimaji mkuu wa koloni, alichora mstari uliotenganisha eneo lenye mvua ya kutegemewa kwa kilimo na eneo kame la kaskazini yake. Burra iko karibu na mstari huo. Plau ikipita mara moja tu huharibu matundu yote, huua wachimbaji wake, na huondoa nyasi za asili ambazo hazirudi kirahisi. Mijusi waliosalia wako kati ya Kapunda na Peterborough, kwenye vilima na miteremko ambayo mkulima aliiona haifai kwa ngano akawaachia kondoo.

Hapa hoja huwa ngumu kwa watu wa uhifadhi. Katika fikra zetu, mifugo na hifadhi ni maadui, na hatua ya kwanza ya kuokoa mahali ni kuweka uzio. Kwa mjusi huyu uzio pekee unaweza kudhuru. Nyasi zikiachwa bila kuliwa husongamana, hufunika midomo ya matundu, hukinga jua analolihitaji kujipasha, na humnyima nafasi ya kumwona panzi akija. Kwa upande mwingine, nyika iliyoliwa hadi udongo ukabaki mtupu haimfai pia: panzi hupungua, mahali pa kujificha hukosekana, na kwato huponda matundu. Kinachomfaa ni malisho ya kadiri, kondoo wachache wanaohamishwa kwa wakati. Tusidai kwamba wafugaji walikuwa wahifadhi kwa kukusudia. Lakini ni haki kusema kwamba vizazi vya wafugaji ambao hawakuwahi kusikia jina la mjusi huyu ndivyo vilivyomhifadhi, kwa kuchagua manyoya badala ya nafaka. Sera inayoanza kwa kuwaona kama tatizo inaanza kwa kukosea historia ya mahali penyewe.

Matundu bandia yametoa ushahidi mwingine. Watafiti walitoboa vipande vya mbao vya duara, vyenye urefu wa sentimita 30 hivi, wakavizika wima usawa wa ardhi. Mijusi waliyakubali, wakaishi humo na kuzaa. Palipoongezwa matundu, mijusi nao waliongezeka, dalili kwamba upungufu wa makao ndio uliokuwa ukiwabana. Ni ugunduzi mkubwa, nami nausherehekea, ila unaweza kutumiwa vibaya kirahisi. Mbao huoza, na mtu wa kuzibadilisha lazima awepo kila mara, pamoja na fedha za kumlipa. Buibui hafanyi kazi hiyo kwa ruzuku. Tundu bandia ni dawa ya dharura, au kiti cha kumpokea mjusi anayehamishiwa mahali papya. Likifanywa kuwa msingi wa uhifadhi, tutakuwa tumegeuza nyika kuwa bustani ya wanyama isiyo na paa.

Suala la kuhamisha linazidi kuwa zito kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Makadirio yanaonyesha kwamba eneo analoishi sasa, hasa upande wa kaskazini, litazidi kuwa na joto na ukame. Mnyama mwingine angesogea kusini. Huyu, ambaye uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba makundi yake hutengana hata kwa umbali mdogo, hawezi kuvuka mashamba ya ngano na barabara zilizo katikati. Kwa hiyo watafiti wa Flinders wameanza kuwahamishia baadhi upande wa kusini, eneo la Tarlee. Mradi huo nauunga mkono kwa sharti moja: buibui wachunguzwe sambamba na mijusi. Mahali papya pasipokuwa na wachimbaji wa kutosha, hata pakiwa na hali ya hewa inayofaa, mijusi watategemea mbao milele.

Sehemu kubwa ya makundi yanayojulikana iko kwenye ardhi ya watu binafsi. Hifadhi ya Tiliqua, iliyo karibu na Burra, ina thamani kubwa kwa utafiti, lakini haiwezi kubeba aina nzima. Kwa hali hiyo, chombo chenye nguvu zaidi ni makubaliano ya muda mrefu na wenye malisho: ardhi isitiwe plau, kondoo wapunguzwe mwaka wa ukame, na mwenye shamba alipwe kwa hasara anayoipata. Kipimo cha mafanikio nacho kibadilike. Mbali na idadi ya mijusi, kila ripoti ieleze ni matundu mangapi mapya yamechimbwa na buibui tangu ripoti iliyotangulia, na ni kiasi gani cha ardhi inayoyazunguka hakijaguswa na plau.