Lugha ya Ibada katika Kanisa la Mtakatifu Petroc, Bodmin

Kanisa la Mtakatifu Petroc katika mji wa soko wa Bodmin, Cornwall, lilijengwa upya kwa sehemu kubwa kati ya mwaka 1469 na 1472. Hesabu za ujenzi zilizosalia zaonesha kuwa wenyeji wenyewe, kuanzia vyama vya mafundi hadi mtu mmoja mmoja, ndio waliochangia. Kwa hiyo, mwaka 1549 serikali ilipoamuru Kitabu cha Sala cha Kiingereza kishike nafasi ya ibada ya Kilatini, amri iliwafikia waumini waliolihesabu kanisa kuwa mali yao. Waasi walikusanyika Bodmin, wakidai kwamba baadhi ya watu wa Cornwall hawakielewi Kiingereza. Askofu Mkuu Cranmer aliwajibu kwa kuuliza iwapo waliokielewa Kilatini walikuwa wengi zaidi. Hoja ilikuwa nzito, ila ilikwepa lugha ya nyumbani kwao. Na waasi nao, ni haki kusema, hawakuiombea nafasi. Uasi ulizimwa kwa damu, na meya wa Bodmin akanyongwa. Wales ilipata Kitabu cha Sala kwa Kiwelisi mwaka 1567 na Biblia nzima mwaka 1588. Kikornishi hakikupatiwa kimojawapo, na kabla ya karne ya 18 kwisha hakikuwa tena lugha ya jamii.