Gemu za kompyuta kwa punguzo: piga hesabu na ya bando

Msikilizaji mwenye kompyuta, gemu halali siku hizi hununuliwa kwa intaneti. Duka linalojulikana zaidi ni Steam, lililoanza mwaka 2003. Bei zake kwetu ni za dola, na hushuka sana kuanzia mwishoni mwa Juni na tena Desemba. Epic Games Store nalo hutoa gemu ya bure kila wiki. Ukiichukua kabla muda haujaisha, inabaki yako.

Usidanganyike na maandishi ya asilimia 50. Tovuti ya IsThereAnyDeal inaonyesha bei ya chini kabisa ambayo gemu imewahi kuuzwa. Kama ilishafika chini zaidi, subiri.

Nyongeza nazo zina mtego. Ramani ya Scandinavia ya Euro Truck Simulator 2 ni rahisi kuliko gemu nyingi, lakini bila gemu yenyewe haichezeki.

Kinachotuumiza sisi wa Nyakasimbi hasa ni bando. Stardew Valley, gemu ya kilimo, inahitaji MB 500 tu. Grand Theft Auto V inazidi GB 100! Hapo bando linaweza kuipita bei ya gemu. Mkiwa wawili mmeinunua kwenye Steam, mmoja apakue, atengeneze nakala kwenye diski ya nje, mwenzake aipakie kutoka hapo.

Ukijuta, Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14, mradi hujacheza saa 2. Bando halirudi.