Kura haina vinasaba

Majaribio yameisha salama, kwa hiyo leo narudi kwenye historia kama kawaida yangu. Swali la leo: mtu akijua babu wa babu yake katoka wapi, inamsaidia nini kwenye kupiga kura?

Tuanzie Zanzibar. Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana, ikazaliwa ASP. Upande wa pili walikuwepo ZNP, wenyewe tunawaita Hizbu. Badala ya kubishana juu ya shule na ardhi peke yake, kampeni zikaingia kwenye asili: nani mwenyeji, nani Mwarabu, nani katoka bara. Januari 1961 pande mbili zikatoka sare, viti 11 kwa 11. Wakarudia Juni, ghasia zikaua watu 68. Julai 1963 ASP ikapata zaidi ya nusu ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, serikali wakashika ZNP na ZPPP. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Mwezi mmoja tu jamani! Damu ikamwagika, na wengi wakakimbia visiwa walivyozaliwa.

Sasa twende maabara. Machi 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa kina Chapurukha Kusimba na David Reich. Walipima DNA ya watu 80 wa kale, waliozikwa kati ya 1250 na 1800, kwenye miji kama Manda, Mtwapa na Kilwa pamoja na maeneo ya jirani. Kuna DNA ambayo mtoto anaipata kwa mama peke yake, na nyingine baba anampa mtoto wa kiume tu. Ya kina mama ilionekana karibu yote ni ya Kiafrika. Ya kina baba, nyingi ilitoka Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000.

Kwa hiyo yule aliyesema "sisi Washirazi" hakuwa anaota, na yule aliyesema "nyie ni Waafrika wenzetu" naye alikuwa sahihi! Ila msishangilie haraka. Tuseme majibu yangetoka kwamba wote ni Waajemi watupu, je wangestahili kunyimwa kura au kufukuzwa? Hapana. Maabara inajibu tulitoka wapi, haijibu nani awe raia. Hilo tunakubaliana wenyewe, kama Wazanzibari walivyofanya Julai 2010, asilimia 66.4 walipokubali kwa kura ya maoni serikali ya umoja wa kitaifa.

Mimi mtoto wa Didia, Msukuma, haya mambo siyaoni ya mbali. Chaguzi za wanafunzi zinakuja na tayari nimeshaambiwa "ng'wanawane, tumpe wa Kanda ya Ziwa". Nikauliza atafanya nini kuhusu mikopo inayochelewa, jibu likawa "ni wa kwetu". Wana-Education, mwakani tutasimama mbele ya watoto kufundisha uraia. Tukichagua kwa kabila hapa chuoni, kule darasani tutawaambia nini?

Kura yangu atapata mwenye jibu la mikopo, awe wa Shinyanga au wa Pemba. Wiki njema!