Virusi vya kompyuta: faili zipi ni za hatari?

Virusi vya kompyuta ni programu zinazojinakili kutoka faili hadi faili. Mara nyingi huanza kazi pale mtumiaji anapofungua faili iliyoambukizwa.

Faili za programu (.exe, .scr, .vbs): Hizi ndizo hatari zaidi. Mei 2000, ILOVEYOU ilisambaa duniani kwa barua pepe yenye kiambatisho LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilificha herufi za mwisho, wengi wakadhani ni maandishi tu.

Word na Excel: Hubeba makro, njia iliyotumiwa na Melissa Machi 1999. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zinazotoka kwenye intaneti. Ankara ikikutaka uziruhusu, mpigie kwanza aliyeituma.

Zip: Huficha programu ndani yake. Faili iitwayo "ankara.pdf.exe" si PDF.

Flashi: Inayozunguka kati ya wakala wa forodha, duka la kuchapisha na ofisi yako hukusanya virusi vya kote. Ichunguze kabla ya kuifungua.

Nakala za ankara na hati za forodha zihifadhiwe kwenye diski isiyounganishwa na kompyuta. Hati zikiharibika, mzigo unaweza kukwama mpakani.