Manivela ya Peugeot 404

Bandugu, wengi wenu mlinicheka mliponikuta nikizunguka garaji za Kamalondo, Katuba na komini ya Kenya na kipande cha chuma mfukoni. Nilikuwa natafuta mwenzake: manivela ya kupandishia kioo, mlango wa dereva, Peugeot 404 ya marehemu babu. Bibi alikuwa ameshasema: "Mvua ikianza na kioo iko chini, minauzisha ile motokari kwa watu wa chuma."

Piyesi za Toyota ziko kila kona, zinatoka Japani kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Za 404, hakuna. Mzee mmoja wa garaji aliigeuzageuza mkononi, akasema: "Mwana, hii tulikuwa tunaipata kwa magazini ya Mugriki. Kisha '73 ikakuya. Njo mwisho."

Ile '73 tuliisoma oditwari kama siasa tupu. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation: maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zikapewa Wazaire. Wengi waliopokea duka waliuza kilichokuwa ndani, basi. Kuagiza kipya kulitaka pesa za kigeni na watu wa kuaminiana nao Ulaya, na wale waliojuana na Ulaya walikuwa wamefukuzwa dukani. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka, na pesa za kigeni za nchi zilitoka kwa Gécamines zaidi ya popote. Agosti 1975 vita ya Angola ikafunga reli ya Benguela, njia yetu fupi ya baharini kupitia Lobito tangu 1931. Mwaka huohuo Ufaransa nao wakaacha kutengeneza 404.

Na haikuwa gari ya mchezo. Ilitoka 1960, mwaka wa uhuru wetu na wa Katanga kujitenga, ikashinda Safari Rally mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Kwa hiyo nilimwandikia rafiki wa Nairobi (Kenya ile ingine). Akajibu kwamba huko nako watu wanazing'oa kwenye magari yaliyokufa, na hawaziachi kwa bei ndogo.

Mwishowe nilienda kwa baba mmoja wa Katuba anayeyeyusha alumini na kutengeneza sufuria. Alikandamiza manivela ya mlango wa nyuma kwenye mchanga, akamwaga. Umbo lilitoka, ila meno ya ndani yalikuwa yamejaa. Akayachonga kwa tupa siku mbili, huku akiniuliza kama kweli nilimaliza inivasite.

Kioo kilipanda Jumapili, mvua ikiwa imeshanyesha mara moja na kiti kimelowa. Bibi aliketi palepale kwenye kiti chenye maji, akaizungusha mara tatu.

"Inalemea kupita ile ya zamani," akasema.

Ni kweli, inalemea.